Ndege ndogo kushuka ndani ya mawingu: kwa nini zinaanguka zikiwa zimeshafika nyumbani (KIA, Kisongo na milima yetu)

Mwalimu_Kisongo

Wakuu, kipupwe kimeingia. Juni hadi Agosti Arusha na Moshi zinaamka zimefunikwa, jua linaonekana saa nne au saa tano, na swali linarudi lilelile: ndege ina GPS, ina redio, rubani ana kibali cha kuruka kwa vyombo, inaangukaje kilomita chache kabla ya uwanja?

Tuelewane kwanza kuhusu aprochi ya vyombo. Ni njia iliyochorwa kwenye chati, ina mwelekeo, vituo na vimo, ya kumtoa rubani ndani ya wingu hadi mahali ambapo ataona njia ya kutua na kumalizia kwa macho. Haimshushi mtu hadi chini. Inamfikisha kwenye kimo fulani, na hapo kuna majibu mawili tu: unaona, huoni. Usipoona, unapaa tena.

KIA (uwanja wa Kilimanjaro) ina ILS, mfumo wa redio wa kuongoza ndege kutua, kwenye njia ya 09, yaani ndege inakuja kutoka magharibi. ILS ina miali miwili ya redio: lokalaiza inayokuambia uko kushoto au kulia, na glaidislopu inayokuambia uko juu au chini ya mteremko wa digrii 3. Uwanja uko futi 2,932 juu ya bahari. Kimo cha kawaida cha uamuzi kwa ILS ya daraja la kwanza ni futi 200 juu ya kizingiti (mwanzo wa njia ya kutua), kwa hiyo altimita, yaani kipima kimo, inakuwa inasoma karibu 3,130 (namba ya kutumia ni ile ya kwenye chati yako ya siku hiyo, usichukue yangu). Kisongo (uwanja wa Arusha) hakuna ILS. Moshi mjini hakuna ILS.

Mteremko wa digrii 3 unakula karibu futi 318 kwa kila maili ya baharini. Chukua kasi yako juu ya ardhi kwa noti (maili za baharini kwa saa), zidisha kwa 5, ongeza kidogo. Ndege inayokwenda noti 96 inashuka karibu futi 500 kwa dakika. Sasa piga hesabu: kutoka futi 200 hadi lami ni sekunde 24. Ndani ya sekunde hizo rubani anatoa macho kwenye vyombo, anatafuta taa, anaamua, anasahihisha upepo wa ubavu, anatua. Anayefika pale akiwa bado anafikiria kama ataona au hataona, muda umeshamwisha.

Kuna ajali tatu ambazo watu wanazichanganya: kugonga mlima kabla hata aprochi haijaanza, kushuka chini ya kimo kinachoruhusiwa bila kuona, na kupoteza ndege wakati wa kupaa tena. Ya kwanza huku kwetu ndiyo imeua wengi. Mei 1955 Dakota ya East African Airways ikitoka Dar kwenda Nairobi iligonga Kilimanjaro, watu 20. Septemba 1999 Cessna 404 ikitoka Serengeti kwenda KIA iligonga Mlima Meru, wote 12 wakafa. Novemba 2017 ndege ndogo aina ya Caravan iliyokuwa inaelekea Serengeti ilianguka eneo la Empakaai, watu 11.

Tujadili. Porojo za uchawi pelekeni jukwaa lake.

Kijana_Bomang'ombe

Shikamooni wakuu. Niko kwenye masomo ya nadharia. Mlima Meru uko mbali na KIA, kwenye gari ni safari. Ndege inayofuata lokalaiza inakutanaje nao?

Mwalimu_Kisongo

Marahaba. Usipime kwa gari. Kutoka KIA kilele cha Meru kiko kama maili 22 za baharini upande wa kaskazini-magharibi. Ukiwa na noti 120 hizo ni dakika 11. Kutoka Kisongo ni kama maili 10, dakika 5. Meru ina zaidi ya futi 14,900. Ndege inayokuja ILS ya 09 inauacha mlima mkono wa kushoto. Anayetoka Serengeti akaambiwa ashuke, akajikuta kaskazini ya mstari kwa kosa la digrii chache au kwa upepo, anashuka kuelekea jiwe.

Ndiyo maana kila chati ina kimo cha chini cha usalama kwa kila upande ndani ya maili 25. Kimo hicho kinakupa angalau futi 1,000 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote katika kipande hicho. Upande wa Meru na upande wa nyika ya Simanjiro havilingani hata kidogo. Kabla ya kuanza kushuka, jiulize uko kwenye kipande gani. Na usisahau nyanda za Ngorongoro njiani, Lolmalasin peke yake ni mita 3,682, zaidi ya futi 12,000.

Mzee_wa_Mnara

Naongezea hapo. Kuongozwa na mwongoza ndege hakukuondolei mlima. Ukipewa kimo ambacho kwenye chati yako kiko chini ya usalama, uliza. Neno "thibitisha kimo" halijawahi kumgharimu mtu leseni.

Halafu QNH. Hii ni shinikizo la hewa unaloweka kwenye altimita ili isome kimo juu ya bahari. Hektopaskali 1 ni kama futi 28. Mwongoza ndege anasema 1012, redio inakwaruza, rubani amechoka, anaweka 1021. Tofauti ni 9, yaani futi 250. Altimita inasoma juu kuliko ulipo. Sasa rudi kwa hesabu ya mwalimu: kimo cha uamuzi ni futi 200 juu ya ardhi, kosa lako ni futi 250. Utagusa ardhi kabla sindano haijafika kwenye kimo chako cha uamuzi, tena ukiwa unaamini bado una nafasi.

Dawa ni mbili. Rudia namba kwa sauti, moja moja: moja, sifuri, moja, mbili. Na ukipita kituo cha mwisho cha kuanzia mteremko, linganisha altimita na kimo kilichoandikwa kwenye chati mahali pale. Ukiwa kwenye glaidislopu sawasawa lakini altimita inasema kitu kingine kwa futi 200, kimojawapo kinadanganya. Usiendelee kushuka huku unatafuta ni kipi.

Dada_Caravan

Mzee, na glaidislopu yenyewe hudanganya. Juu ya mwali wa kweli kuna miali ya uongo, maarufu ni ule wa karibu digrii 9. Rubani aliyechelewa kushushwa anakuja juu sana, anaukimbilia mteremko kutoka juu, sindano inatulia katikati, anafurahi. Kasi ya kushuka inamshtua: badala ya 500 anaona 1,400 au 1,500. Siku zote kamata glaidislopu kutoka chini. Umechelewa? Omba kuzungushwa uanze upya.

@Kijana, sikiliza pia kuhusu aprochi zisizo na glaidislopu: VOR na NDB (vituo vya redio vya ardhini), au GPS ya kawaida inayokupa mwelekeo tu. Hizi zina kimo cha chini ambacho hupiti mpaka uone uwanja, na vimo vya ngazi kabla yake. Mtindo wa zamani ni kushuka haraka hadi ngazi, kunyoosha, kushuka tena, kunyoosha. Unafanya kazi ila unaua. Kila ngazi unabadilisha nguvu ya injini, mkao na trimu, uko chini na umbali bado mrefu, na ukikosea ngazi moja hakuna cha kukukinga. Siku hizi tunafundisha mteremko mmoja usiokatika. Unachukua kimo cha kuanzia, unatoa kimo cha kizingiti pamoja na futi 50, unagawa kwa umbali, unapata futi kwa maili, unazidisha kwa kasi yako kwa dakika.

Mfano: unaanza futi 1,650 juu ya uwanja, maili 5 kabla ya kizingiti. Toa 50, inabaki 1,600. Gawa kwa 5, ni futi 320 kwa maili. Kwa noti 100 juu ya ardhi ni maili 1.67 kwa dakika, kwa hiyo futi 533 kwa dakika. Weka kama 530, linganisha kimo kila maili. Na kwa kuwa ndege ikianza kupaa inazama kidogo kwanza, ongeza futi 50 kwenye kimo cha chini ili usikivunje ukiwa unageuza.

njia_ya_mkato

Mnatisha watu bure. Siku hizi tablet ina ramani ya milima, GPS inakuonyesha njia ya kutua hadi kwenye mstari wa katikati. Mtu anajishusha mwenyewe hadi aone taa.

Dada_Caravan

Kaka, hilo ndilo linalojaza makaburi.

Tablet haina kibali cha kukushusha ndani ya wingu, haikuambii setilaiti zikipungua ubora, na betri ikipata joto la kioo inazima. GPS iliyofungwa kwenye ndege na kuidhinishwa inajikagua. Ikibadili hali kwenda aprochi, sindano inakuwa kali: kutoka maili 1 kila upande hadi maili 0.3. Ikiwa haijabadilika unapofika kituo cha mwisho, aprochi imekufa hapo, usishuke.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui: zile aprochi za GPS zenye mteremko wa kweli na kimo cha chini kama ILS, Marekani na Ulaya wanazo kwa sababu wana setilaiti za kusahihisha. Kwetu huduma hiyo haipo. Baadhi ya vifaa vinakuchorea mteremko wa ushauri juu ya aprochi ya mwelekeo tu. Mteremko huo ukifika kimo cha chini hauna mtu aliyeukagua. Unaweza kupita ndani ya mti au mnara wa simu.

njia_ya_mkato

Sawa dada, nimekusoma.

Fundi_Hanga

Mmezungumza rubani tu. Mimi niko upande wa spana.

Ndege nyingi ndogo za injini ya pistoni bado zina horaizoni, kile chombo cha mkao wa ndege, inayozungushwa na pampu ya vakyumu. Pampu kavu ina mabamba ya kaboni ndani. Hayachoki taratibu ukayasikia, yanavunjika ghafla. Mafuta ya injini yakivuja kupitia sili ya nyuma, au mtu akiosha injini kwa dawa bila kuziba pampu, umeshaiua. Geji ya uvutaji isome inchi 4.5 hadi 5.5 za zebaki injini ikiwa kwenye mzunguko wa safari. Kichujio kidogo cha regyuleta badilisha kila saa 100, kile kikubwa kila saa 500 au kila ukaguzi wa mwaka. Kwa vumbi letu la Kisongo mimi nabadilisha mapema.

Pampu ikifa, horaizoni haianguki mara moja. Gairo, gurudumu linalozunguka ndani yake, inapungua kasi na kuegemea polepole, dakika kadhaa, na nyingi za zamani hazina bendera ya onyo. Rubani anaifuata. Kwa hiyo linganisha na chombo cha kugeuka, ambacho kwa kawaida ni cha umeme. Vikipingana, tazama geji ya uvutaji. Ikiwa sifuri, funika horaizoni kwa karatasi. Usiseme "nitaipuuza", jicho halikubali.

Halafu mirija ya hewa. Nyigu wa matope wanapenda pitoti, mrija wa kupimia kasi, kupita kiasi, usiku mmoja unatosha. Kifuniko ni cha lazima, tena chenye utepe mwekundu. Baada ya kuosha ndege hakikisha hakuna gundi ya karatasi kwenye tundu za statiki (za kupimia shinikizo la hewa ya nje), na toa maji kwenye mtego wa mirija baada ya mvua kubwa. Tundu za statiki zikiziba ukiwa angani, altimita inaganda kwenye kimo kilekile na chombo cha kupanda na kushuka kinasoma sifuri. Kasi nayo inadanganya: ukishuka inasoma juu kuliko ilivyo. Rubani anaona kasi imezidi, anavuta pua juu, anapunguza nguvu, ndege inastoli, yaani mabawa yanashindwa kuibeba. Ipo valvu ya statiki ya akiba chini ya dashibodi. Ifungue. Isipokuwepo, vunja kioo cha chombo cha kupanda na kushuka. Kitaharibika, ila hewa itaingia.

Kipasha joto cha pitoti: kiwashe chini, tazama sindano ya ampea icheze, kizime. Sindano isipocheza, leo huingii wingu.

Mtabiri_Meru

Nitoe ya mawingu. Watu wanasoma ripoti ya KIA wanaenda Kisongo. Kosa kubwa.

Kimo cha wingu kwenye ripoti ni juu ya uwanja husika, si juu ya bahari. KIA ikiripoti wingu futi 1,000, maana yake chini ya wingu ni karibu 3,930 juu ya bahari. Kisongo yenyewe iko karibu 4,550. Wingu halilali bapa kama meza, hupanda na ardhi, lakini umeelewa: KIA inaweza kuwa inatua vizuri wakati Kisongo iko ndani ya wingu.

Mchana wa jana hausaidii. Hewa yenye unyevu kutoka kusini-mashariki inapanda miteremko ya Meru na Kilimanjaro usiku, inapoa, inatandaza wingu la tabaka. Tazama joto na kiwango cha umande (joto ambalo mvuke unaanza kuwa matone): tofauti ya digrii 1 ni kama futi 400 za chini ya wingu. Joto 16 na umande 15 saa kumi na mbili asubuhi, usimpangie mteja kuondoka saa moja. Masika ni tofauti: huko ni ngurumo, mvua inayokata mwonekano ghafla na upepo unaogeuka. Ngurumo ikiwa juu ya uwanja, subiri mbali, haikai muda mrefu. Wingu la Julai linakaa.

Kijana_Bomang'ombe

Mkuu Mtabiri, sasa uwanja wa akiba unachagua upi? Wengi wanaandika KIA kwa Kisongo na Kisongo kwa KIA.

Mtabiri_Meru

Kwenye karatasi wamepanga, kiuhalisia hawana akiba. Viwanja hivyo viko chini ya blanketi moja. KIA kama akiba ya Kisongo inakubalika kwa sababu ya ILS na kuwa chini, lakini KIA yenyewe ikiwa mpakani, akiba yako iwe ng'ambo ya hali hiyo ya hewa: Nairobi, Dodoma, au pwani.

Mwalimu_Kisongo

Tuweke mafuta yake. KIA hadi Jomo Kenyatta ni kama maili 126 za baharini. Cessna 172 kwa noti 105 ni saa 1 na dakika 12. Ikinywa lita 34 kwa saa, ni lita 41. Ongeza dakika 45 za akiba ya mwisho, lita 26. Jumla 67, bado kupanda tena baada ya aprochi iliyoshindikana na upepo wa mbele. Mimi nafanya 80. Anayefika KIA na lita 50 amebakiza chaguo moja tu, na hapo ndipo watu wanaanza kuchungulia chini ya kimo.

Mzee_wa_Mnara

Sheria nayo ipo, si hiari. Kwa ndege za biashara, mwonekano ukiripotiwa chini ya kiwango cha aprochi kabla hujafika futi 1,000 juu ya uwanja, huendelei. Ukishapita hapo unaweza kuendelea hadi kimo cha uamuzi. Na "kuona" ni kuona kitu cha uwanja huo: taa za aprochi, kizingiti, alama, taa za njia. Kuona lami ya barabara ya Arusha–Moshi kupitia tundu la wingu si kuona uwanja.

sauti_ya_ziwa

Mbona hamtaji Bukoba? Novemba 6, 2022, ndege ya abiria aina ya ATR ilianguka ziwani, watu 43, wakafa 19, karibu kabisa na uwanja. Hiyo si ndege ndogo sana lakini hali ya hewa ilikuwa mbaya.

Mwalimu_Kisongo

Inastahili kutajwa, na uwanja ule hauna ILS, una ziwa mlangoni. Juu ya maji tulivu au ndani ya mvua jicho halina cha kupimia kimo. Unahisi uko juu kuliko ulivyo. Ya nani alifanya nini chumba cha rubani, wachunguzi wana kazi yao.

Dada_Caravan

Nimalizie ya tatu aliyoitaja mwalimu, kupaa tena, maana ndiyo isiyofanyiwa mazoezi.

Rubani ameamua vizuri, anasukuma nguvu yote. Ndege inaongeza kasi, na sikio la ndani halitofautishi kuongeza kasi na kuinua pua. Mwili unamwambia pua imeinuka mno. Anaisukuma chini, ndani ya wingu, futi 200. Tiba ni mkao maalumu kwenye horaizoni, unaouchagua kabla ya kushuka na kuushika bila kuusikiliza mwili. Sikio hilohilo halisikii mgeuko wa chini ya digrii 2 kwa sekunde, ndiyo maana mtu anaegemea bila kujua. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois wa mwaka 1954 uliwachukua watu 20 wasiofundishwa vyombo ukawaingiza kwenye hali ya wingu: wote walipoteza ndege, wastani wa sekunde 178.

Mpangilio wa mikono: nguvu yote na kipasha joto cha kabureta kizimwe, mkao wa kupanda, flapsi (vibawa vya nyuma ya bawa) hatua ya kwanza juu mara moja (172 hadi digrii 20), hakikisha altimita inapanda, ndipo zinazobaki taratibu. Redio mwisho kabisa. Njia ya kupaa tena imechorwa kwa mpando wa asilimia 2.5, ambao ni futi 152 kwa maili, kama futi 250 kwa dakika kwa noti 100. Kwenye usawa wa bahari ni kitu kidogo. Kisongo saa nane mchana, nyuzi 25, hewa inafanya kama uko futi 6,800. Ndege iliyojaa watu wanne na flapsi zote chini inaweza isiupate mpando huo. Fungua kitabu cha ndege yako, tazama jedwali la joto na kimo hicho, kabla hujaondoka.

Na usikate kona. Njia ya kupaa tena inaanzia pointi yake. Ukiamua mapema, panda, lakini endelea na mstari hadi pointi hiyo ndipo ugeuke. Kugeuka mapema upande wa kushoto ukiwa unakuja 09 ni kugeukia Meru.

Kijana_Bomang'ombe

Asante dada. Swali la mwisho: umetoka kwenye wingu kwa ILS ya 09, upepo unataka utue 27. Unazunguka?

Dada_Caravan

Kama kimo cha wingu kinazidi kimo cha kuzunguka cha chati na unauona uwanja muda wote, ndiyo. Kwa ndege ya kundi A (la kasi ndogo zaidi) eneo lililokaguliwa ni kama maili 1.7 tu kutoka kwenye vizingiti, kundi B kama 2.7. Ukitoka nje ya hapo hakuna aliyekuhakikishia kizuizi. Kila ukipoteza uwanja kwa kipande cha wingu, panda ukigeukia njia ya kutua, kisha fuata njia ya kupaa tena ya aprochi uliyokuja nayo, yaani ya 09. Kama upepo wa nyuma ni noti 5 na lami ya KIA ina zaidi ya mita 3,500, mwenye 172 ana sababu gani ya kuzunguka? Tazama kikomo cha upepo wa nyuma kwenye kitabu, tua moja kwa moja.

Fundi_Hanga

Na ukitua, niandikie kwenye kitabu cha hitilafu kama sindano ya glaidislopu ilitetemeka. Msiniambie kwa mdomo mkiwa mnakimbilia gari.